Kabla Uchukue Mkopo wa Laptopu, Jua Proksi Kwanza

Wasee, wacha niseme kitu ambacho wenye maduka ya kompyuta hawatafurahia. Vijana wengi huku kwetu wanaotaka kuchukua mkopo wa laptopu ya kuediti hawahitaji laptopu mpya. Wanahitaji mtu awaeleze kwa nini ile waliyo nayo inakwama, na dawa yake ambayo haigharimu hata bob.

Dawa hiyo inaitwa proksi. Nitaieleza yote. Lakini kwanza nieleze kwa nini hii mada inanikera.

Mimi naishi hapa EPZ, Athi River. Watu wa nje wakisikia EPZ wanawaza tu ule umati wa asubuhi unaoingia geti, na mashine za kushona nguo za kupelekwa ng'ambo. Ni kweli, hiyo ndiyo kazi iliyoleta wengi huku. Lakini ukikaa huku utajua kuna EPZ nyingine, ya jioni na ya wikendi. Yule dada anayeshona mikono ya shati wiki nzima, Jumapili ako kwa harusi Kitengela na kamera ya kukodi. Kijana wa kupakia mizigo ana chaneli ya mpira wa mtaani. Kuna wa kurekodi kwaya, kuna wa mafunzo ya kusuka, kuna wa kuchekesha. Wengi wanatafuta mlango wa kutoka kwa line, au angalau pesa ya pili juu ya mshahara wa line.

Kamera si shida sana siku hizi. Ya maana unaikodi tao kwa siku, na simu nyingi zinarekodi 4K. Shida inaanza ukirudi nyumba usiku na kuweka faili kwa laptopu. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, zile tunaita ex-UK: ThinkPad au EliteBook iliyofanya kazi ya ofisi ng'ambo miaka kadhaa, ikafika Nairobi, ikapanguswa, ikauzwa. Unabonyeza kucheza klipu. Feni inalia kama mashine ya posho. Picha inaruka, sauti inaenda mbele, ukisogeza kipanya kidogo programu inazubaa, halafu inajifunga yenyewe na kazi ya saa moja imeenda.

Ukiuliza watu, jibu ni lile lile: "Hiyo mashine imezeeka, tafuta nyingine." Hakuna anayeuliza ni kamera gani, faili gani, setingi gani. Jamaa mmoja wa ploti yetu aliambiwa hivyo na fundi, na huyo fundi, kwa bahati nzuri yake, alikuwa pia na laptopu ya kuuza.

Piga hesabu na mimi. Tuseme laptopu ya kuediti ni laki moja u nusu. Ukilipa elfu kumi kila mwezi, bila riba hata senti, ni miezi 15. Tuseme unalipwa elfu tano kwa kila video. Hizo ni video 30 unafanyia deni, kabla hujala, kabla hujalipa kodi ya nyumba, kabla hujatuma kitu nyumbani. Na ukiweka riba za hizi app za mkopo, ongeza zingine. Mtu anayetaka kutoka kwa line anajifunga kwa line mwaka mzima na zaidi ili alipe mashine ya kumtoa kwa line. Hiyo ndiyo inaniuma.

Sasa, kwa nini inakwama?

Sababu ya kwanza ni wingi wa nukta. Picha moja ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni 2. Picha moja ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani kama milioni 8. Ni mara nne. Na kwa kila sekunde kuna picha kama hizo 25, au 30, au 60.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo, nayo ni vile hizo picha zimekunjwa. Kamera ikiweka kila picha nzima nzima, kadi itajaa mara moja. Kwa hivyo inatumia kodeki, yaani njia ya kubana video. Mbili ambazo utakutana nazo kila siku ni H.264, iliyotoka 2003, na H.265, iliyotoka 2013, ambayo pia inaitwa HEVC. Zote mbili zina ujanja mmoja: zinaweka picha moja nzima, halafu kwa zile zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika. Bibi harusi amesonga hatua moja, ukuta nyuma yake haujasonga, basi ukuta hauandikwi tena.

Kwa kutazama, huo ujanja uko sawa kabisa. Video inaenda mbele tu, na kompyuta inajumlisha mabadiliko yakija. Kwa kuediti ni balaa. Wewe hutazami kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaruka katikati, unarudi nyuma, unakata hapa, unabandika pale. Kila ukitua mahali, kompyuta lazima irudi mpaka kwa ile picha nzima iliyo karibu, ianze kujumlisha upya, ndio ikuonyeshe fremu moja tu. H.265 inabana zaidi, karibu nusu ya ukubwa wa H.264 kwa ubora ule ule, kwa hivyo kuikunjua ni kazi nzito zaidi. Ndio maana faili ndogo inaweza kukwamisha laptopu kuliko faili kubwa. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamchezea, lakini ndio ukweli.

Sababu ya tatu ndio hupoteza pesa za watu. Kukunjua hizi kodeki haraka kunafanywa na sehemu maalum ndani ya chipu, na hiyo sehemu inajua aina fulani tu za faili. Chipu za Intel za kizazi cha 8, zile ziko kwa ex-UK nyingi, zina sehemu ya kukunjua H.265 ya kawaida inayotoka kwa simu. Lakini kamera kama Sony A7 IV inaweza kurekodi rangi kwa undani zaidi, aina inayoitwa 10-bit 4:2:2. Chipu ya kizazi cha 8 haina sehemu ya kukunjua hiyo. Na ushike hii: kadi za picha za Nvidia za RTX 40, pamoja na bei yake yote, pia hazina. Nvidia waliiweka kuanzia RTX 50, mwaka wa 2025. Kwa hivyo unaweza kuchukua mkopo, ununue laptopu ya gemu yenye kibodi ya kuwaka taa, ukategemea hiyo kadi, na faili ya kamera ya kukodi bado ikwame vile vile. Nguvu si kitu kimoja. Usipojua faili yako ni ya aina gani, unanunua nguvu ya kitu kingine.

Proksi ni nini basi?

Ni nakala nyepesi ya kila klipu. Programu inachukua faili kubwa ya kamera, inatengeneza nakala ndogo ya 1080p au 720p, na inakumbuka kwamba hii ni nakala ya ile. Wewe unaediti ukitumia nakala. Unakata, unapanga, unaweka muziki na maandishi. Ukimaliza, wakati wa kutoa video ya mwisho, programu inaweka nakala kando na kurudia faili za kamera zenyewe, inakata pale pale ulipokata. Mtazamaji anaona 4K safi. Laptopu yako haikubeba 4K usiku kucha.

Wenye wamefanya kwa kiwanda cha nguo wataelewa hii haraka kuliko watu wa tao. Hakuna mtu huanza kwa kukata kitambaa cha oda. Kwanza vipande vyote, kola, mikono, mgongo, vinachorwa na kupangwa kwa karatasi. Vinasogezwa huku na huku mpaka vikae vizuri na kitambaa kisiharibike. Karatasi ni nyepesi, ukikosea unafuta. Ikishakubalika ndio inatandazwa juu ya kitambaa chenyewe, na kisu kinafuata mistari. Proksi ndiyo hiyo karatasi. Hakuna msee wa kukata nguo anazunguka na roli nzima ya kitambaa begani akitafuta mahali pa kuweka mfuko.

Na mtu asikwambie hii ni njia ya maskini. Enzi za filamu za mkanda, wahariri wa studio kubwa hawakuwa wanakata negativu yenyewe. Walikata nakala ya kazi, na filamu ikikubalika ndio negativu ikakatwa kufuata ile nakala. Kompyuta zilipoanza kutumika kuhariri, diski zilikuwa ndogo sana, kwa hivyo watu walihariri kwa picha hafifu, kisha wakarudia picha nzuri mwishoni. Hata leo, kwa kazi kubwa zenye mamia ya saa za video, proksi ni jambo la kawaida. Sisi ndio tunaambiwa eti lazima tubebe roli nzima.

Vile inafanywa kwa laptopu ya mtumba

Anza na diski. Nakili faili zote kutoka kwa kadi kwanza, weka folda moja kwa kila kazi, na usibadilishe majina ya faili ukishaanza. Programu hutafuta faili kwa jina na mahali zilipo, ukihamisha, inapotea. Usiediti moja kwa moja kutoka kwa kadi au flash, hiyo ni kujitesa.

Programu za bure zipo. DaVinci Resolve ya bure inatosha watu wengi. Inatoa video mpaka 4K ya 3,840 kwa 2,160. Ukishaingiza klipu, zichague, bonyeza kitufe cha kulia, utaona "Generate Proxy Media". Tatizo la Resolve ni kwamba inakula kadi ya picha na inataka RAM ya kutosha, GB 16 hivi. Kama laptopu yako iko chini ya hapo, jaribu Kdenlive au Shotcut. Zote ni za bure kabisa, na zote zina proksi ndani ya setingi. Premiere inayo, na CapCut ya kompyuta pia inayo. Watu wana CapCut miaka na hawajawahi kufungua hiyo setingi.

Programu nyingine zitakuuliza aina ya proksi. Chagua 720p kama diski ni ndogo, 1080p kama nafasi iko. Ukipewa ProRes Proxy au DNxHR LB, chukua mojawapo. Hizo zinaweka kila fremu peke yake, nzima, kwa hivyo laptopu haipigi hesabu za kurudi nyuma. Hata ukubwa unabebeka. Kamera ikirekodi 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 45. ProRes Proxy ya 1080p ni karibu megabiti 45 kwa fremu 30, kwa hivyo saa moja ni kama GB 20. Ukishuka 720p, ni kama GB 9.

Kutengeneza hizo nakala kunachukua muda, nisikudanganye. Ndio maana unaiweka usiku. Chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi zikiwa kwa betri zinapunguza kasi. Iweke juu ya meza. Kitanda kinaziba matundu ya hewa. Na kwa sababu hii ni Athi River, safisha feni. Tunaishi katikati ya viwanda vya simiti na malori ya Mombasa Road, na ile feni inavuta vumbi la mtaa mzima. Laptopu ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kuna mashine zimeitwa mzee na kumbe zimeziba tu.

Kama unarekodi na simu, ongeza hatua moja. Simu nyingi hazishikilii idadi ya fremu; zinapanda na kushuka kulingana na mwanga na joto. Ndio utaona mdomo na sauti vimeachana kadiri video inavyoenda. Pitisha klipu kwa HandBrake, ni ya bure, uchague fremu zisizobadilika, kisha ndio uanze kazi.

Mwisho, mambo mawili ya kuangalia. Ukifika kwa rangi na kuangalia kama picha iko kali, rudia faili za kamera kwa muda, kwa sababu proksi haikuonyeshi kila kitu. Na wakati wa kutoa video, hakikisha lile sanduku la kutumia proksi halijawekwa tiki. Lipo kwa Resolve, Premiere na Kdenlive. Likiwa na tiki, utapeleka kwa mteja ile karatasi badala ya nguo.

Na wenye watabisha?

Wapo, na wana pointi. Proksi inasaidia kuediti, haiharakishi kutoa video ya mwisho. Hapo laptopu lazima ikunjue faili zile nzito, na ya kizazi cha 8 itachukua saa nyingi. Kama kazi yako ni kuonyesha video ya harusi jioni ile ile kabla wageni waende, usiku wa kusubiri huna. Kama unafanya kazi ya kuondoa chembechembe za giza au athari nzito za picha, proksi haitakuokoa. Mtu wa kazi hizo, kazi yenyewe ikishaanza kulipa, anunue mashine. Sijasema mashine nzuri ni mbaya.

Ninachosema ni kwamba kazi itangulie mashine. Na kabla ya mashine nzima, kuna vipuri. Kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Kama ina RAM ya GB 8 na nafasi ya kuongeza, fikisha 16. Hizo mbili pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu mpya, na unalipa mara moja, halafu unalala bila meseji za kukumbushwa deni.

Kuna pia swali ambalo halipendwi: hiyo 4K unarekodi ya nini? Kama video inaenda TikTok na mtu ataitazama kwa simu ndani ya matatu, na ulirekodi simu ikiwa wima, 1080p inatosha, na nusu ya shida zako zinaisha hapo hapo bila proksi. Lakini 4K ina faida moja ya kweli kwa watu wa bajeti ndogo. Rekodi harusi kwa kamera ikiwa mlalo, 4K. Ukikata kipande cha wima katikati, unapata pikseli 1,215 kwa 2,160, ambayo bado inazidi 1,080 kwa 1,920 ya TikTok. Ungerekodi 1080p, kipande hicho cha wima kingekuwa na upana wa pikseli 607 tu, na picha ingetoka kama imepakwa ugali. Kwa hivyo kamera moja, mtu mmoja, unapata video ya YouTube ya familia na vipande vya TikTok vya kujitangaza. Hiyo ni sababu. "4K kwa sababu kila mtu anasema 4K" si sababu.

Waliotangulia hawakungoja mashine

Twende Kampala kidogo, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana alianza kutengeneza filamu za mapigano huko, akahariri kwa kompyuta alizojiunganishia mwenyewe kwa vipuri. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana haikugharimu hata dola 200, na ikafanya Wakaliwood ijulikane dunia nzima. Hakungoja mtu amkopeshe studio.

Lakini hiyo stori ina upande mwingine ambao unahusu pesa zako. Diski ya Nabwana ilikuwa ndogo, na ilibidi afute filamu moja ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Ile nakala safi ya mwanzo ya Captain Alex haipo tena. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Sisi tunaipenda hivyo, ni sehemu ya utamu wake, lakini mtengenezaji hakuchagua. Kwa hivyo ukinisikiliza, pesa ya kwanza ya ziada isiende kwa laptopu. Iende kwa diski ya nje ya kuhifadhi faili za kamera. Proksi zikipotea unatengeneza zingine usiku mmoja. Faili za kamera zikipotea, harusi ya mtu hairudiwi.

Na kama Kampala ni karibu sana kwako, nenda mbali. Parasite, filamu ya Korea Kusini iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, programu ambayo Apple waliacha kuiuza mwaka 2011. Walikuwa na pesa ya kununua chochote. Walitumia walichokijua.

Kwa nini hatuambiwi

Maoni yangu ni haya. Kuna video elfu za "kompyuta bora ya kuediti" kwa kila moja ya kueleza proksi vizuri, na ukiangalia chini ya nyingi utakuta linki ya kununua. Proksi haina linki. Hakuna anayelipwa ukijua kubonyeza setingi ambayo tayari unayo. Mtu wa duka hapati faida, mtu wa mkopo hapati riba. Anayefaidika ni wewe tu, kwa hivyo habari haifiki haraka.

Na sisi wenyewe tunachangia. Msee akishajua hii kitu anaikalia kama siri ya biashara. Akiulizwa anasema "mimi natumia mashine kali tu." Bro, tunashindania harusi zile zile za Kitengela na Mlolongo, naelewa. Lakini yule dada wa line akichukua mkopo kwa sababu hukumwambia sentensi mbili, umepata nini? Atafanya kazi kwa bei ya chini ili alipe deni, na hiyo bei ya chini itakufikia wewe pia. Tukijua sote kwamba mashine si kisingizio, tutashindana kwa vile mtu anapiga picha na vile anasimulia, na bei itaheshimika.

Kwa hivyo kama una fomu ya mkopo kwa begi wiki hii, iache hapo siku mbili. Leo usiku chukua klipu moja tu, ile inakukwamisha zaidi, itengenezee proksi ya 720p, na uiediti kesho. Ikikubali, umeokoa miezi 15. Ikikataa, bado fomu iko, na sasa utajua hasa mashine yako inakosa nini kabla ya kumlipa mtu. Na ikikubali, mwonyeshe mtu mmoja wa ploti yenu.